Uhalisia wa treni ya mvuke bustanini: ni mwendo, ni skeli, au kila mtu na yake?

#1 Pimamaji (Birmingham)

Wakuu, salaam. Najua humu tuko wachache wenye ugonjwa huu, lakini tupo.

Nina kichwa kidogo cha treni ya mvuke wa kweli kinachochoma gesi ya butane, reli yenye upana wa milimita 45 inayozunguka bustani nyuma ya nyumba. Nimekipaka maruni ya East African Railways na kukibandika bamba la namba. Wageni wakija wanasifia rangi. Kazi inaanza kinapotembea. Kikiwa na mabehewa manne ya mizigo kinatulia. Kikiwa kitupu, nikigusa tu koki ya mvuke kinaondoka kama bodaboda aliyeona trafiki, halafu mwinuko wa kwanza kinakwama.

Jamaa mmoja wa huku ananishauri nifunge kile kifaa cha gia na gurudumu zito kinachozuia kichwa kisitoke mbio. Mwingine anasema nikifunga hicho, bora ninunue treni ya betri niwashe na udi juu yake.

Hoja yangu ni hii, ipingeni mnavyotaka: uhalisia wa treni ya bustani ni mwendo. Rangi, namba, mataruma, skeli, yote mapambo. Treni iliyopakwa vizuri ikikimbia ovyo ni kichezeo. Kopo la rangi moja likitembea taratibu na kuhema kwenye mlima, hilo ni treni.

#2 Nimepita Tu

Naweka kambi hapa. Wajuvi waje.

#3 Fundi Shaba (Dar)

Mkuu, kabla ya kununua gurudumu angalia moto wako. Wengi wanafungua gesi mpaka jiko linanguruma. Mvuke unazalishwa zaidi kuliko unavyotumika, presha inakaa juu, valvu ya usalama inapuliza muda wote, na ukigusa koki silinda zinapokea nguvu yote kwa pigo moja. Vichwa vingi vya ukubwa huo valvu yake inafunguka kwenye paundi 40 kwa inchi ya mraba. Kichwa kitupu hakihitaji hata nusu yake. Punguza gesi, sindano ya geji ikae 20 hivi, halafu ondoka.

Huku kwetu kesi ni ngumu zaidi. Butane inachemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo kwenye joto la Dar tangi lina presha kubwa tangu asubuhi. Nyinyi wa baridi mna shida ya kinyume, tangi linapoa gesi ikitoka na moto unafifia, mpaka watu wanalizungushia maji ya uvuguvugu.

#4 Mhandisi_K (Toronto)

Fundi Shaba yuko sawa kuhusu moto, ila kiini ni uzito. Tuchukue Garratt ya daraja la 59, ile mashine kubwa ya mvuke ya East African Railways, maana najua itatajwa tu. Ilikuwa na tani 252 hivi ikiwa imejaa maji na mafuta, na urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa skeli ya 1:22.5 urefu unagawanywa kwa 22.5, unapata mita 1.4. Uzito unagawanywa kwa 22.5 mara tatu, yaani kwa 11,390. Tani 252 zinakuwa kilo 22.

Sasa Pimamaji, chako kina kilo ngapi? Tatu? Kitu cha kilo tatu hakina ile hali ya kukataa kuondoka na kukataa kusimama. Mashine halisi ikifunguliwa mvuke inafikiri kwanza. Yako haina cha kufikiria. Gurudumu zito linarudisha sehemu ya tabia hiyo, kwa hiyo mimi silioni kuwa udanganyifu.

#5 Nimepita Tu

"Haina cha kufikiria." Hapo umemsema mwenye treni au treni?

#6 Binti Mkonge (Tanga)

Napinga hoja ya #1 kwa upole. Mwendo wa nani? Mimi reli yangu ni ya milimita 32, nimejenga shamba la mkonge. Mashamba ya huku Tanga yalikuwa na vijireli vyembamba vya kubeba majani kutoka shambani hadi korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi. Vichwa vyake vilikuwa vidogo, vichafu, vimepigwa viraka, na sidhani kama kuna mtu aliyejali ratiba. Kwa skeli ya milimita 16 kwa futi, reli ya 32 inakupa futi mbili kamili, ambayo ni karibu na saizi ya reli nyingi za shamba.

Kichwa changu kilianza maisha kikiwa Mamod ya mitumba, kile kichezeo cha mvuke cha Uingereza chenye silinda zinazoyumba na vidonge vya moto. Fundi wangu akakiwekea boila nyingine na jiko la gesi. Kinatetemeka, kinatema mafuta, kinakwenda kwa vishindo. Watu wa uhalisia watasema si sahihi. Lakini mzee mmoja aliyefanya kazi shamba la mkonge alikaa barazani kwangu akakitazama, akasema, "Ndio zilivyokuwa, mbovu hivi hivi." Kwangu hiyo inatosha.

Na dereva wangu kachongwa kwa mninga, kavaa msuli. Hakuna duka Ulaya linalomuuza.

#7 Gadi Mstaafu (Voi)

Nimesoma. Mimi sina treni ya bustani, bustani yenyewe imejaa mbuzi. Nimekulia kwenye nyumba za reli, baba alikuwa kwenye mashine.

Mnaongea mwendo na uzito, hakuna aliyetaja sauti. Garratt ni mashine mbili zinazolishwa na boila moja. Kila upande una silinda zake, na hazikufungwa pamoja. Kwa hiyo ikipanda, unasikia mapigo ya mbele na ya nyuma yanakubaliana, yanaachana kidogo kidogo, yanachanganyika mpaka huwezi kuhesabu, halafu yanakutana tena. Tulikuwa tunalala na sauti hiyo. Mtoto wa reli alijua treni nzito kwa masikio kabla ya taa kuonekana.

Mkitengeneza kitu kinachofanya hivyo, niiteni, hata kama mmekipaka pinki.

#8 Kichuguu

Hizo 59 si zilijengwa Glasgow? Na zilikuwa 36 kama sikosei. Halafu Pimamaji, milimita 45 ni reli pana, ni ya SGR (reli mpya ya kisasa), si ya MGR (ile ya zamani ya mita moja). Umeanza na kosa hapo.

#9 Gadi Mstaafu (Voi)

Manchester, kwa kampuni ya Beyer, Peacock. Zilikuwa 34, zikaja 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima. Mbili ziko makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, lakini mashine zimebaki kwetu. Msianze.

#10 Mhandisi_K (Toronto)

@Kichuguu, milimita 45 si ya mtu mmoja. Inategemea umeigawa kwa ngapi. Kwa 1:32 inawakilisha reli ya 1,435, yaani hiyo SGR yako. Kwa 1:22.5 inawakilisha reli ya mita moja, ile ya Mombasa hadi Kisumu na ya Dar hadi Kigoma. Kwa 1:20.3 ni futi tatu. Reli ileile. Ndiyo maana ukiingia bustani za watu unakuta tembo na sisimizi kwenye stesheni moja.

#11 Sheikh Koki (Muscat)

Assalaam aleikum. Hapo pa futi tatu mmenigusa. Mie asili Unguja, nipo Muscat. Najenga reli ya Bububu, ile iliyofunguliwa 1905 kutoka mjini, imejengwa na Wamarekani. Ilikuwa ya futi tatu, kwa hivyo kwa 1:20.3 milimita 45 inakaa sawasawa, hujapunja hata uzi.

Picha za zamani zinaonesha treni inapita baina ya nyumba, ukuta wa huku na ukuta wa huku, mtu kaegemea mlangoni. Basi mie sikujenga bustani. Nimejenga kichochoro. Kuta za saruji mita moja na nusu, barza mbili, mlango mmoja wa kuchonga, na treni inapita katikati kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Ukitazama kutoka juu ni upuuzi mtupu. Ukilala chini ukatia jicho usawa wa reli, upo Unguja.

Kwa hivyo nasema uhalisia ni mahali jicho lilipo. Sote tunazitazama treni zetu kutoka urefu wa nyumba ya ghorofa kadhaa, halafu tunashangaa hazina haiba.

#12 Nimepita Tu

Sheikh, kama unataka uhalisia wa Unguja rudi kwa Sayyid Barghash. Ile reli yake ya Chukwani ya 1879 ilianza kwa kuvutwa na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi. Tafuta nyumbu wa 1:19 mwenye rimoti.

#13 Sheikh Koki (Muscat)

Nyumbu hahitaji rimoti, ana akili kuliko wanachama wengine wa humu.

#14 Juma wa Harz (Ujerumani)

Habari zenu. Nakaa karibu na milima ya Harz, kule ambako treni za mvuke za reli ya mita moja bado zinapanda hadi kilele cha Brocken, mita 1,141. Ni saizi ileile ya reli yetu ya kati, kwa hiyo naweza kwenda kupima macho yangu siku yoyote.

Pimamaji, jaribu hili. Treni ya mizigo inayopanda, kilomita 30 kwa saa. Kwa 1:22.5 hiyo ni sentimita 37 kwa sekunde. Weka vijiti viwili kando ya reli, umbali wa mita moja. Treni itumie karibu sekunde tatu kutoka kijiti hadi kijiti. Mara ya kwanza utaona imechelewa mno. Wengi wetu tunaendesha mara mbili au tatu ya hapo bila kujua.

Na Gadi, kuna jambo litakufurahisha. Ukienda kwa mwendo huo wa skeli, magurudumu madogo yanazunguka mara zilezile kwa sekunde zilizozungushwa na makubwa. Gurudumu la 59 lilikuwa na kipenyo cha futi nne na nusu. Kwa kilomita 30 linazunguka karibu mara mbili kwa sekunde. La modeli ni milimita 61, nalo kwa sentimita 37 linazunguka karibu mara mbili. Mapigo kwenye bomba la moshi yanakuja kwa kasi ileile. Sauti inakuwa nyembamba, lakini mdundo ni ule uliolala nao.

#15 Gadi Mstaafu (Voi)

Hii ya #14 sikuijua. Asante.

#16 Mhandisi_K (Toronto)

Juma, hesabu nzuri, lakini macho hayadanganyiki hivyo. Tazama mabehewa yako yanapopita maungio ya reli. Yanayumba chapuchapu, tik-tik-tik. Behewa halisi linalala upande mmoja taratibu, linarudi. Nguvu ya uvutano haikugawanywa kwa 22.5, ipo vilevile. Kitu kidogo kinayumba haraka kuliko kikubwa, hata ukikivuta kwa mwendo sahihi. Ndiyo maana watu wa filamu wakipiga picha modeli wanaongeza idadi ya fremu kwa sekunde ili ikionyeshwa ionekane nzito.

Chukua simu, weka mwendo wa pole, piga video treni yako ikipita. Utashtuka.

#17 Binti Mkonge (Tanga)

Huo sasa ni uhalisia wa simu. Mimi nimekaa kwenye kigoda na chai yangu, treni inapita mbele yangu, wewe unaniambia nitoe simu ndipo niamini?

#18 Fundi Shaba (Dar)

Turudi kwenye rimoti, maana hapo ndipo watu wanapogawanyika kweli. Wako wanaosema treni ya mvuke ni ya mkono. Unawasha, unaweka koki, unaiachia, unatembea nayo. Ikikosea umekosea wewe. Rimoti wanaiona ushamba.

Mimi nina mbili, ya mkono na ya rimoti yenye chaneli mbili, moja koki ya mvuke, moja gia ya kurudi nyuma. Nikiwa na rimoti nafanya alichofanya dereva: nafungua kabla ya mlima, napunguza juu, nafunga kabla ya kona, nasimama stesheni bila kuligonga behewa la mwisho. Ya mkono inanipa raha, lakini nikishaiachia mimi ni abiria tu. Sasa yupi anaigiza reli na yupi anacheza?

#19 Sheikh Koki (Muscat)

Fundi, hilo nakukubalia nusu. Kwenye kichochoro changu bila rimoti ningebomoa nyumba za watu. Lakini ile ya mkono ina jambo moja rimoti haina: inakwambia ukweli wa njia yako. Mwinuko mdogo ambao hukuuona kwa jicho, kichwa kinauona. Kinapunguza, mapigo yanakuwa mazito, kinashika pumzi, kinavuka. Ukiwa na rimoti kidole chako kinaficha yote hayo.

#20 Pimamaji (Birmingham)

Asanteni, mmenipa kazi ya mwezi mzima. Nimepunguza moto kama alivyosema Fundi Shaba, sindano iko chini ya 20, na behewa moja nimelijaza kokoto. Imetulia sana. Vijiti vya Juma bado vinaniaibisha.

Swali la pili. Asubuhi za baridi huku mvuke unatoka mweupe, mzito, unabaki juu ya majani. Mchana jua likitoka hauonekani kabisa, na treni inakufa machoni. Nyinyi wa Dar na Muscat mnaishije?

#21 Fundi Shaba (Dar)

Hatuoni kitu, mkuu. Mvuke unatoka, hewa inaumeza. Mimi naendesha saa kumi na mbili asubuhi, na mvua ikishanyesha. Wakati wa masika ndipo ninapopata picha.

#22 Gadi Mstaafu (Voi)

Na Tsavo mchana ilikuwa hivyohivyo. Jua kali, treni ndefu, juu ya bomba hakuna wingu, ni joto tu linacheza. Zile za kalenda zenye wingu jeupe ni za alfajiri au za Ulaya. Kwa hiyo Fundi Shaba kutoona mvuke Dar ndio uhalisia wenyewe. Tena 59 zilichoma mafuta, si makaa. Mafuta yakiunguzwa vizuri moshi ni mwepesi. Ukiona moshi mweusi tii, aliyeko kwenye moto amezubaa au anasafisha mabomba.

#23 Kichuguu

Sasa nimeelewa, mtu akitaka uhalisia wa Afrika Mashariki aendeshe treni isiyotoa moshi, mchana wa jua, ikiwa imechelewa.

#24 Nimepita Tu

Kichuguu leo umesema.

#25 Binti Mkonge (Tanga)

Wakati mnabishana moshi, mimi mchwa wamekula mataruma. Niliweka ya mbao kwa ajili ya hiyo sura ya shamba. Masika ikapita, nikainua reli, chini unga. Plastiki nyepesi nayo jua linaipasua. Mnatumia nini?

#26 Fundi Shaba (Dar)

Zege. Mimina mkanda wa zege, reli juu, kokoto ndogo uzichanganye na saruji kavu kidogo kisha nyunyiza maji, mvua haitazibeba. Na acha nafasi kwenye maungio. Shaba nyeupe ya mita kumi, kati ya alfajiri na saa nane mchana inarefuka milimita tano au sita. Usipoacha nafasi, njia yako inapinda yenyewe.

#27 Sheikh Koki (Muscat)

Nafasi hiyo ndiyo inayokupa mlio wa ta-ta, ta-ta. Usiizibe.

Suala la maji: huku ya bomba yana chumvi. Mie nakinga maji yanayodondoka kwenye AC, nayachuja kwa kitambaa, natia kwenye boila. Bure, na hayaachi magadi.

#28 Juma wa Harz (Ujerumani)

Sheikh, maji ya AC yanapita kwenye mapezi yenye vumbi na ukungu. Chuja zaidi ya kitambaa. Mimi nakinga ya mvua.

#29 Fundi Shaba (Dar)

Dar tunanunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. TAHADHARI kwa wanaoanza: hakikisha ni maji yaliyotoneshwa, si asidi. Chupa zinakaa rafu moja. Kuna fundi namjua alituma kijana, akaletewa asidi, bahati nzuri akasoma lebo kabla ya kumimina.

Kuna pia wanaosema maji yasiyo na madini kabisa yanakula shaba nyeupe, wanayachanganya na kidogo ya bomba. Wengine wanacheka. Boila yangu ni shaba nyekundu, bado iko salama, siingilii.

#30 Mhandisi_K (Toronto)

Tumeacha mada. Pimamaji aliuliza kama gurudumu zito linaharibu uhalisia. Mimi bado nasema funga.

#31 Binti Mkonge (Tanga)

Mimi nasema usifunge. Vuta mzigo. Treni haikuumbwa iende tupu.

#32 Gadi Mstaafu (Voi)

Kichwa kitupu kilikuwa kinakwenda, Binti. Kilirudi depo chenyewe, na nikwambie, madereva walikikimbiza. Baba alikuwa anawahi ugali.

#33 Pimamaji (Birmingham)

Kumbe kile changu kinachotoka mbio kitupu kinarudi depo! Hapo Gadi umenipa kibali.

Mhandisi, klabu ya hapa kuna mtu ataniazima hicho kifaa Jumamosi nikijaribu. Nitarudi na video mbili, moja chenye gurudumu na moja kisicho nalo, mwendo wa kawaida wa simu, si wa pole, Binti asije akanishtaki.

#34 Juma wa Harz (Ujerumani)

Weka vijiti kwenye picha. Na pima mwinuko wako kabla ya kulaumu kichwa. Zile 59 zilipanda mwinuko wa asilimia 1.5 na tani 1,200 nyuma. Njia ya mita tano ikipanda sentimita saba na nusu, umeshafika hapo. Wengi wana zaidi ya hiyo na hawajui.

#35 Pimamaji (Birmingham)

Nimetoka kupima sasa hivi kwa pimamaji. Sentimita kumi na nne kwenye mita tano.

#36 Nimepita Tu

Jina lako Pimamaji na ulikuwa hujapima?